Njia ya Maporomoko Ilipita kwa Kogo Taprandich

Kwanza kabisa, vijana wangu, vaeni gambuti. Nawaona mkija huku Kericho na viatu vyeupe, mmeshika simu mkononi, eti mmesomea kutembeza wageni. Hongera, nimefurahi, sina wivu. Lakini udongo wetu mwekundu haujui cheti. Ukikanyaga mteremko wa Kimulot baada ya mvua na hicho kiatu chako, utateremka kwa makalio mbele ya watu, na hakuna mgeni atakayekuamini tena ukimwambia "nifuate."

Mimi ni Tonui. Miaka ya tisini nilikuwa natembeza wageni wa hoteli moja ya Kericho mjini. Sasa nimestaafu, niko nyumbani Kaplong na ng'ombe wangu, na vijana wa chuo hawaishi kunijia. Wanauliza, "Mzee, ulikuwa ukiwaonyesha watu nini huko? Si ni majani chai tu?"

Majani chai tu! Ai, nyinyi. Kaeni chini.

Mmewahi kuona mti wa chai? Sisemi kichaka, nasema mti. Nyinyi mnajua chai ya kufika kiunoni kwa sababu kila wiki mikono ya watu inaikata kichwa. Ikiachwa, inapanda. Kwenye kona ya shamba moja kubwa kulikuwa na chai iliyoachwa tangu enzi za mkoloni ili itoe mbegu, na baadaye watu wakaisahau. Ilikuwa imepita paa la nyumba. Ilikuwa na maua meupe yenye kiini cha njano, na nyuki wengi. Nilikuwa nikimsimamisha mgeni chini yake, mtu aliyekunywa chai tangu anyonye, na kumwuliza, "Huu ni mti gani?" Wengine walisema mparachichi. Mmoja alisema mchungwa, na alikuwa mwalimu wa kilimo. Nilikuwa nacheka mpaka nasahau njia.

Kulikuwa pia na pango ambamo babu zetu walificha ng'ombe wakati wa vita vya zamani, dari yake bado nyeusi kwa moshi. Kulikuwa na kanisa la mawe lisilokuwa na kengele, wanagonga kipande cha reli, na sauti yake inafika bonde la pili. Kulikuwa na msitu, na mbega wenye mikia mirefu myeupe. Na mwisho wa yote, maporomoko. Maporomoko ndiyo yaliyoleta watu. Hayo mengine walikuwa wanaonja tu njiani.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Arap Chumo, aliyekuwa askari wa msitu kabla ya kuja hotelini. Siku yangu ya kwanza niliona mbega nikapiga kelele, "Wale! Wale! Tazameni!" huku nikinyoosha mkono. Mbega walitoweka. Wageni walipiga picha matawi matupu, na zamani zile picha ilikuwa ya filamu, hujui umepata nini mpaka ikasafishwe. Arap Chumo aliniita kando.

"Wewe umeandikwa kuonyesha wanyama au kufukuza?"

"Kuonyesha, mzee."

"Basi usionyeshe. Simama pahali kitu iko, halafu funga mdomo. Mgeni akiona mwenyewe, itakuwa yake. Ukimwonyesha, ni yako."

Hilo neno nimelitumia maisha yangu yote, hata kwa watoto wangu. La pili alilonifundisha ni mvua. Mvua ya Kericho ni kama karani wa serikali: asubuhi humwoni, mchana akisharudi kutoka kula anakaa ofisini mpaka jioni. Kwa hivyo toka mapema, fika maporomoko jua likiwa juu, na saa nane ikukute uko njiani kurudi. Ikianza ya mawe, usikimbie. Chuchumaa kati ya mistari ya chai, ufunike kichwa kwa mkoba. Mkoba wa nani si hoja.

Sasa niwaambie juu ya njia, maana hapo ndipo kazi yangu ilitaka kufia.

Maporomoko yenyewe yako kwenye ardhi isiyo ya mtu, lakini njia ya kuteremka ilipita katikati ya shamba la mama mmoja mzee, Kogo Taprandich. Kogo kwetu ni nyanya, na sote tulimwita hivyo ingawa hakuna aliyekuwa mjukuu wake. Alikuwa mjane, mfupi, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Upande mmoja alikuwa na chai yake, upande wa pili mahindi, na zizi lilikuwa katikati. Njia nyingine ilikuwepo, ndiyo, ya kuzunguka msituni. Ilimaliza nusu siku, na ndovu nao walikuwa wanaipenda.

Kogo alitupitisha bure. Si kupita tu, alikuwa akiwakalisha wageni kwenye benchi nje ya jikoni na kuwapa mursik, maziwa ya kuganda kutoka kwenye kibuyu kilichosuguliwa na mkaa. Mgeni anatazama yale maziwa yenye rangi ya majivu, anatazama mlango, ananitazama mimi. Nami nafanya nini? Nafunga mdomo. Anaonja. Kisha anaomba kikombe cha pili, na Kogo anacheka peke yake jikoni.

Tulienda hivyo vizuri mpaka hoteli ilipopata mpishi mpya, Omondi, kijana wa kutoka upande wa ziwa. Mpishi mwenye roho safi, hajui kumpa mtu kidogo. Wakati wa Arap Chumo wageni walibebewa yai la kuchemsha na ndizi. Omondi alisema hiyo ni aibu, mtu hawezi kupanda mlima na yai. Akaanza kuwafungia sambusa za nyama ya ng'ombe, kubwa, zinapasuka kwa mafuta.

Siku hiyo nilikuwa na watu wa ofisi fulani ya Nairobi, wachangamfu kweli, nyimbo njia nzima. Karibu na lango la Kogo, dada mmoja alizama kwenye matope, mguu ukatoka, kiatu kikabaki. Nikawaambia wengine watangulie, wakae kwenye benchi, mimi nichimbe kiatu. Matope ya huku yakishika kitu hayaachi. Nilichimba kwa mikono mpaka kwenye kiwiko.

Kumbe huko mbele watu wana njaa. Wamepewa mursik na Kogo, wamekaa, wakafungua pakiti za Omondi.

Nyinyi wa siku hizi mnaweza kucheka, lakini kwa wazee wetu nyama na maziwa havikutani tumboni siku moja. Ukila nyama, maziwa ni siku nyingine. Ni heshima kwa ng'ombe: huwezi kumla na kumnywa kwa mdomo mmoja. Ukifanya hivyo, anayeumia ni yeye, kwenye kiwele. Hata wale waliobatizwa zamani, na Kogo alikuwa kiti cha mbele kanisani, hilo walikuwa hawachezi nalo.

Nilipofika na kiatu mkononi, bwana mmoja alikuwa anauma sambusa, anaisukuma na mursik, anasema, "Mama, hii imekubali!" Kogo alikuwa amesimama mlangoni na kibuyu. Mkimwona mama wa Kikipsigis ametulia namna hiyo, anzeni kutafuta viatu vyenu. Alipita akichukua vikombe kimoja kimoja, kingine akakitoa mdomoni kabisa. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Haikupita wiki, ng'ombe wake mweusi akavimba kiwele na maziwa yakatoka na damu. Daktari wa mifugo alikuja, akapiga sindano, akaeleza kwamba ni ugonjwa wa kawaida unaotokana na uchafu. Kogo alimsikiliza kwa adabu.

"Wewe piga dawa," akamwambia. "Mimi najua hii kitu iliingilia wapi."

Kesho yake niliikuta njia imefungwa. Si kamba, vijana. Miti mizima, na miiba juu yake, kutoka mahindi mpaka chai.

Meneja wetu hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa mtu wa kusema jambo mara moja. Aliniambia, "Tonui, bila maporomoko hakuna mtu atalipia matembezi. Bila matembezi sina kazi yako. Kuna walimu waliostaafu wanakuja kutoka Nakuru Ijumaa ya wiki ijayo. Ikifika hapo njia haijafunguka, utarudi kubeba masanduku."

Nilikuwa nimebeba masanduku kabla ya Arap Chumo kunichukua. Mgongo wangu ulikumbuka. Lakini si mgongo ulioniuma. Niliipenda ile kazi, vijana. Niliipenda kabisa. Kila asubuhi nilitoka kitandani nikiwa nacheka, na ni wangapi wanaweza kusema hivyo juu ya kazi?

Meneja alituma pole: sukari, na pakiti za majani chai. Kogo alibaki na sukari. Majani aliyarudisha.

"Unaniletea chai?" akaniuliza. "Mimi? Angalia nyuma yako."

Nikaangalia nyuma. Chai yake ilikuwa imejaa mpaka mtoni. Nikabeba pakiti zangu nikarudi.

Ndipo Omondi aliposema ataenda mwenyewe, kwa sababu sambusa zilikuwa zake. Alivaa suti ya kanisani. Kwapani alikuwa na kitu kirefu kimefungwa kwa gazeti, na hakutaka kuniambia ni nini. Tulifika tukamkuta Kogo anaosha vibuyu. Omondi aliinama, akatoa pole ndefu, tena nzuri, kisha akafungua gazeti mbele yake. Mbuta! Mbuta mzima wa kukaushwa, kichwa na meno yote, ametoa macho.

Nawaambia, mama wa umri ule huku kwetu, wakati ule, alikuwa hajamkaribia samaki. Alimhesabu upande mmoja na nyoka. Kogo aliruka nyuma, kibuyu kikabingirika.

"Wuui! Tonui! Mnyama gani hii?"

"Ni samaki, Kogo."

"Mbona inaniangalia?"

Omondi naye jasho linamtoka. "Yawa, mama, usiogope. Kwetu mtu akikuletea huyu, ujue amekuheshimu sana. Hatupei mtu hivi hivi."

Kogo akamtazama Omondi, akamtazama samaki, akaitazama suti. Nikaona mabega yake yanatikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka! Alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi, akafuta macho kwa leso, akianza kunyamaza anaona yale meno, anaanza tena. Na sisi tukacheka, tungefanya nini?

"Haya," alisema alipopata pumzi. "Hiyo utakula wewe na watu yako. Lakini nimeona umekuja na roho. Ulijua hii mambo ya nyama na maziwa?"

"Sikujua, mama. Kwetu tunakula nyama na kila kitu."

"Na wewe Tonui, mtoto wa hapa, ulikuwa wapi?"

"Kwa matope, Kogo. Natoa kiatu ya mtu."

Alianza tena kucheka. Kisha akatulia, akatuuliza swali ambalo sikulitegemea kabisa.

"Sasa niambieni. Hawa watu wanatoka mbali. Wengine wamepanda ndege. Wanapita hapa kwangu na haraka. Huko chini wanaenda kuona nini?"

"Maporomoko, Kogo."

"Najua ni maporomoko. Iko namna gani?"

Nilifungua mdomo, nikaufunga, na safari hii haikuwa ile ya Arap Chumo. "Kogo, hujawahi kuona?"

"Nani atabaki na ng'ombe?" alisema. "Niliolewa hapa nikiwa msichana. Maji nachota kule juu, pahali ya kuvuka. Kuni natoa upande huu. Huko chini kuna nini ya kuchota?" Akaokota kibuyu chake, akakipangusa. "Na kila siku watu wanarudi kutoka huko wakiwa na furaha, wananiambia asante. Asante ya nini? Mimi sijui kitu wameona."

Nilikuwa nimepita kwenye ule ua miaka, na sikuwahi kumwuliza.

"Nipeleke," akasema. "Si kama jirani. Kama mgeni. Ile gari yenu, na fimbo, na yale maneno yote unawaambia. Nikiona ni kitu ya maana, njia nitafungua. Nikiona ni maji tu, miiba inakaa."

"Na ng'ombe?" nikauliza.

Sote tukamgeukia Omondi. Masikini, bado alikuwa ameshika samaki.

"Mimi niko," akasema.

Tatizo lilikuwa moja: yule mweusi alikuwa amepona, lakini alikuwa hakubali mkono wa mtu mwingine. Kogo akaingia ndani, akatoka na leso yake ya kazini na kitambaa cha kichwa, akamwekea Omondi mikononi bila kueleza. Hakukuwa na haja. Ng'ombe anajua harufu.

Jumatano ya wiki ya walimu tulimpeleka Omondi kwa Kogo alfajiri na gari la hoteli, tukamchukua Kogo mpaka mjini ili aanze mahali wageni wanapoanzia. Alivaa gauni la kanisani. Meneja alimpa mkono, akamkalisha sebuleni kwenye kochi, akaletewa chai. Akaonja. "Mmeweka maji mengi," akamwambia meneja, naye meneja akaitikia, "Ndiyo, mama."

Nilimtembeza kama nilivyowatembeza wengine wote. Chini ya mti wa chai nilimwuliza, "Huu ni mti gani?" akanijibu, "Ni uvivu ya mtu." Pangoni nilisimama, nikaeleza jinsi wazee walivyoficha ng'ombe wakati wa vita. Alingoja nimalize.

"Na akina mama walikuwa wapi?"

"Walikuwa hapa pia, Kogo."

"Basi sema. Mama ya bwana yangu alizaliwa hapa ndani, kando ya ndama. Walimfunika na ngozi ya mbuzi ndiyo asilie." Akagusa ule ukuta mweusi kwa kiganja. Tangu siku hiyo sikuwahi kueleza lile pango bila yule mtoto.

Tulipofika kwake, mlio wa maziwa ulisikika kutoka zizini. Omondi alikuwa amekaa kwenye kigoda, amejifunga leso, kitambaa kichwani, anaimba pole pole wimbo wa kwao, na yule mweusi anatafuna akiwa amefumba macho. Kogo alishika nguzo ya lango asianguke kwa kicheko. Kisha akasukuma miiba kwa mguu, akatoa upenyo wa mtu mmoja tu.

"Leo mimi ni mgeni," alisema. "Hiyo ingine tutaona tukirudi."

Tukateremka. Alikuwa kwenye gambuti za hoteli zilizomzidi, fimbo mkononi, na kwenye utelezi alinishika bega. Nilikuwa nimeleta maporofesa pale, nimeleta mpaka balozi, na hakuna niliyemwogopa namna hii. Je, akisema ni maji tu? Kazi yangu yote ilikuwa ndani ya macho ya huyu mama.

Kwenye kona ya mwisho nilifanya nilichofundishwa. Nilisimama mahali penyewe, nikamwacha apite mbele, nikafunga mdomo.

Mto ulikuwa umejaa. Ulikuwa unatoka juu ya mwamba ukiwa mweupe wote, unaanguka chini hadi kwenye bwawa, na jua la asubuhi lilikuwa ndani ya ule mvuke, rangi zote zimepinda kutoka ukingo mmoja mpaka mwingine. Kogo alisimama. Fimbo ilimtoka mkononi. Manyunyu yalimlowesha uso na hakujipangusa.

Kisha akaweka mikono kiunoni, akayapigia kelele yale maji kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya mto:

"Kumbe ni wewe! Miaka yote hii unaniita na mimi sikuji! Chamgei! Chamgei mising!"

Akayaamkia, jamani, kama mtu. Alikuwa analia na kucheka pamoja, ananishika mkono, ananitikisa. "Tonui! Hii kitu ilikuwa hapa nikizaa watoto yangu yote? Ilikuwa hapa nikizika bwana yangu?"

"Ilikuwa hapa, Kogo."

"Na hakuna mtu aliniambia!"

Hakutaka kuondoka. Mawingu yalianza kukusanyika juu ya msitu, nikamkumbusha mvua, akasema mvua ingoje. Mwishowe aliokota fimbo yake.

"Hao walimu yako wanakuja lini?"

"Kesho kutwa, Kogo."

"Waambie wakuje mapema. Hiyo miiba nitatoa leo. Nitawaleta hapa mimi mwenyewe. Wewe unaongea sana pale pangoni, na hii hapa huijui. Hii ni yangu."

"Na mimi je, Kogo? Nitafanya nini?"

Alinitazama kuanzia gambuti mpaka kofia, akafikiri.

"Mtu lazima abaki na ng'ombe," akasema.

Basi Ijumaa ile, vijana, walimu waliostaafu kutoka Nakuru waliteremka wakimfuata Kogo Taprandich, wanacheka, wanamwuliza maswali, naye anawajibu kwa sauti ya kufika Bomet. Mimi, mtembeza wageni wa hoteli, nilikuwa zizini nimejifunga leso, kitambaa kichwani, nakamua. Sijawahi kufurahi namna ile kazini.